Namba ya Ngazi ya Pili

Shida zangu zilianza mwaka wa 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili. Ng'ombe wa baba waliisha kwa ugonjwa, akabaki mmoja chongo, na mimi nikatolewa shule darasa la tatu. Sisemi hivyo mnihurumie. Nasema ili mkisikia kwamba nimeendesha jenereta za viwanda kwa zaidi ya miaka arobaini, mjue nilianzia wapi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa kwenye machimbo ya marumaru nje ya mji wa Kajiado, na injini yao ilikuwa ya kuwashwa kwa hendeli, chuma kilichopinda unachokizungusha kwa mikono yako mpaka injini ikohoe. Nyapara akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe, uko na nguvu ama ni urefu tu? Zungusha." Nikazungusha. Hendeli ikarudi nyuma kwa hasira, ikanipiga mkono, nikaanguka chali kwenye vumbi jeupe. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Sasa mmesalimiana," nyapara akasema. "Kidole gumba usikizungushie chuma. Kiweke upande mmoja na wenzake. Injini ikirudisha, mkono unatoka mzima."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na gumba langu liko hapa mpaka leo.

Paneli ya siku hizo ilikuwa kipande cha bati chenye saa tatu za mshale: moja ya presha ya oili, moja ya joto la maji, moja ya stima. Ulinzi ulikuwa kijiti cha chuma. Maji yakipanda joto kupita kiasi, kijiti kinaanguka, dizeli inakatika, injini inazima yenyewe. Basi. Ukitaka kuwasha tena, unainua kijiti.

Msimu mmoja wa kazi nyingi kijiti kikawa kinaanguka kila saa. Nyapara akaleta waya wa seng'enge akakifunga. "Sasa hakisumbui," akasema. Na kweli hakikusumbua! Siku ya tatu injini ikalia kama punda aliyekanyagwa na lori, ikanoki, pistoni zikashikana na silinda. Machimbo yakasimama. Tulifukuzwa kazi wote, nyapara akiwa wa mbele.

Nikaenda Namanga, kwenye yadi ya malori. Pale msimamizi wa yadi alikuwa mtu mpole wa kupenda usafi, na ndiye aliyenifundisha kusoma maneno ya mashine. Mimi Kiingereza sijui, lakini alinichorea maneno kumi na mawili kwenye kipande cha katoni: oili, joto, kuzima, kuwasha, hivyo hivyo. Nikayashika kwa sura, kama mchungaji anavyoshika alama za masikio ya ng'ombe. Miaka kumi na mitano nilikaa Namanga, na hakuna injini iliyokufa mikononi mwangu. Andikeni hiyo.

Halafu nikaja Kitengela, kwenye kichinjio kikubwa chenye vyumba vya baridi. Na hapo, jamani, ndipo nilipokutana na paneli ya kisasa! Kioo kinawaka, maandishi yanapita, inakumbuka kila kitu ilichofanyiwa, siku na saa. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyeletewa bibi arusi.

Nitawaeleza ngazi zake, maana vijana wengi wanabonyeza bila kujua. Ngazi ya kwanza haina namba ya siri. Ni ya mwendeshaji: unawasha, unazima, unasoma joto na presha, unanyamazisha kengele. Huwezi kuharibu sana. Ngazi ya pili ni ya fundi, nayo inataka namba ya siri ya tarakimu nne. Ukiingia huko unaweza kubadilisha mipaka: injini izime ikifika joto gani, isubiri sekunde ngapi kabla ya kubeba mzigo wa stima. Ngazi ya tatu ni ya wataalamu wa kampuni iliyoiuza, na hiyo hata Injinia wetu aliiogopa. Ukikosea namba mara tatu, paneli inajifunga na kukungojesha, kama askari wa geti aliyekasirika.

Mimi nilitaka ngazi ya pili. Niliitaka sana! Kila service nilifanya mimi, kila boliti naijua, lakini ikifika kubadilisha kitu hata kidogo naambiwa nigeuke nitazame ukuta. Injinia wetu alikuwa kijana mwerevu, amesoma, na si mtu mbaya. Nilimwomba miaka sita.

"Mzee, ngazi ya kwanza inakutosha," angesema. "Huku juu ni kwa wenye karatasi."

"Injinia, injini haisomi karatasi."

"Lakini mkurugenzi anasoma."

Wengine wanne walikuwa nayo, namba hiyo hiyo moja, pamoja na karani wa stoo ambaye hakujua dizeli inaingilia wapi. Hilo liliniuma.

Basi ikaja wiki ya kabla ya Idi. Vyumba vya baridi vilijaa mbuzi na ng'ombe mpaka mlangoni. Nyingi ilikuwa nyama ya Mama Halima, mfanyabiashara wa mifugo ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki. Alikuwa ametia mtaji wake wote pale. Asubuhi saa tatu stima ikapotea Kitengela nzima. Jenereta ikashika, mimi nikatulia. Saa nne na robo kengele ikalia, injini ikazima. Nikasoma kioo: joto. Nikasubiri kidogo, nikawasha. Ikazima tena.

Mama Halima akaja mbio, buibui likipepea. "Ole Tipape! Hiyo kimya ni ya nini?"

"Injini imepata joto, Mama."

"Injini ipate joto na nyama yangu pia ipate joto? Hiyo si sukuma wiki iko humo ndani, mzee!"

Nikampigia Injinia, alikuwa Nairobi. Akasema, "Rediata niliiangalia juzi, iko safi. Ni sensa, kile kipima joto cha injini, inadanganya. Uko na kalamu?"

"Niko na kichwa."

"Sikia basi. Nakupa namba ya ngazi ya pili. Ingia, mpaka wa joto upandishe hadi mia moja kumi na tano, uwashe. Mimi nitakuja na sensa mpya."

Nikatoka pale penye watu, maana namba ya siri si salamu ya kupeana hadharani. Akanisomea tarakimu nne. Miaka sita! Moyo ulipiga, siwadanganyi, kama wa kijana wa kwenda kuchumbia. Nikarudi kwenye paneli, nikaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha nne.

Nikajiuliza: hiki ninachotaka kufanya kina tofauti gani na waya wa seng'enge? Mimi ndiye wa kufunga kijiti sasa?

Sikubonyeza. Nikachukua tochi, nikafungua wavu wa feni, nikaingiza kichwa. Nyinyi mnaojifunza kazi hii, shikeni hapa. Feni ya jenereta nyingi za viwanda haivuti hewa kupitia rediata kama ya gari. Inaisukuma kutoka upande wa injini kwenda nje. Kwa hivyo uchafu unakaa ndani, nyuma ya feni, mahali ambapo mtu aliyesimama nje hauoni. Kwa nje rediata yetu ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kwa ndani kulikuwa na blanketi! Manyoya ya mbuzi, mafuta ya nyama na vumbi la saruji la viwanda vya jirani, vimeshikana kwa unene wa kidole changu.

Nikampigia. "Injinia, siweki."

"Unasema nini?"

"Nimekataa. Sensa haidanganyi, rediata imeziba kwa ndani. Nipe saa moja niioshe."

"Mzee, saa moja hatuna! Nyama ikioza ni juu yako. Na kazi yako ni juu yako pia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Juu yangu."

Nikakata simu. Mama Halima alikuwa amesimama pale na amesikia yote. Akanitazama kwa macho makali. "Kwa hivyo wewe ndiye umeamua juu ya nyama yangu?"

"Mama, nikiidanganya hii mashine tutapata nusu saa ya baridi. Halafu injini inakufa, na stima haijulikani itarudi lini. Utanipa saa moja ama nusu saa?"

Akavuta ndoo, akaenda akaigeuza mbele ya mlango wa chumba cha baridi, akaketi juu yake. Wapakiaji walikuwa wanataka kufungua watoe nyama. Nikamsikia akisema, "Mlango huu leo ataufungua malaika peke yake. Baridi iliyo ndani inabaki ndani. Rudini!"

Huyo mama angeweza kuongoza jeshi.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Huwezi kumwagia chuma cha moto maji baridi, kinapasuka. Dakika ishirini na tano nimesimama nimeshika mpira wa maji, watu wananipigia kelele, mmoja ananiita mchawi, mwingine anasema nimelala nimesimama. Nikafunika upande wa stima kwa turubai, maana maji yakiingia huko ni msiba mwingine. Nikapaka sabuni ya kuoshea sakafu ya kichinjio, ile kali ya kukata mafuta. Kisha nikapiga maji kutoka nje kuingia ndani, kinyume na njia ya hewa. Blanketi likaanza kuachia, vipande vipande, vyeusi, vikitiririka sakafuni. Nikacheka peke yangu! Nikaendelea mpaka nikaona mwanga wa tochi upande wa pili ukipita kwenye matundu yote.

Nikakausha. Nikawasha. Themanini. Themanini na tatu. Nikaibebesha mzigo, vyumba vya baridi vikaanza kunguruma. Themanini na tano. Themanini na sita. Ikakaa hapo hapo, haiendi juu wala chini, kama mzee aliyeshiba. Mama Halima alipoona mshale wa joto la chumba cha baridi umeanza kushuka, aliinuka kwenye ndoo yake, akapiga vigelegele, na wapakiaji waliokuwa wananitukana wakanibeba mabegani. Mimi, na uzito huu wangu!

Injinia alifika saa saba, akiwa na mkurugenzi, mama mmoja kutoka Mkoa wa Kati asiyecheka ovyo. Injinia akaanza, "Huyu alikataa amri yangu." Mkurugenzi akasema, "Hebu paneli ituambie."

Injinia akaingia kwenye kumbukumbu za paneli. Akatusomea. Namba ya siri haikuwa imetumika siku hiyo. Lakini mwezi uliotangulia mpaka wa joto ulikuwa umepandishwa mara mbili, kutoka tisini na nane, ukaenda mia moja na moja, ukaenda mia moja na nne. Paneli iliandika tu "ngazi ya pili". Haikuandika nani, kwa sababu wote walitumia namba moja.

"Nani huyo?" mkurugenzi akauliza. Injinia angeweza kusema karani wa stoo. Angeweza kusema mimi, kwamba niliiba namba.

"Ni mimi," Injinia akasema. "Kengele ilikuwa inalia, nikaona inasumbua."

Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku zote. Alirudisha mpaka kwenye tisini na nane mbele yetu. Kisha akamgeukia mkurugenzi, akasema, "Kila mtu atakuwa na namba yake kuanzia leo. Karani aondolewe. Na huyu mzee apewe."

"Ana karatasi?"

"Hana. Alikuwa na namba mkononi, na kazi yake ikiwa hatarini, akaacha kuitumia. Sijui karatasi ya kumzidi hapo."

Nilichagua tarakimu zangu nne mwenyewe, na kila mtu akageuka kutazama ukuta. Hata Injinia!

Nilistaafu mwaka jana. Siku ya mwisho Injinia alisema, "Mzee, namba yako ibaki, tutakuwa tunakuita." Nikamkatalia. Mtu asiyekuja kazini hana haki ya kushika mipaka ya injini ya watu. Nikamwambia aifute nikiona. Akaifuta. Nikaijaribu mimi mwenyewe, na paneli ikanikataa, na nilifurahi sana.

Vijana, kengele si adui. Kabla ya kuinyamazisha, ingiza kichwa uone.

Nilicho nacho leo ni hiki. Ploti moja Kitengela, na nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Ekari sita nje ya Kajiado. Ng'ombe kumi na tisa, mbuzi siwahesabu. Jenereta mbili ndogo za kukodisha harusini. Spana seti mbili kamili. Watoto watano, wote wamesoma. Cheti, sina hata kimoja.