Simu Iliyofukizwa kwa Wali

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi mjini Biharamulo, na kila mwaka nawafundisha watoto tofauti ya mpunga, mchele na wali. Nachora ubaoni, nasisitiza, na anayechanganya namrudisha mwanzo bila huruma. Kwa hiyo yaliyonikuta mwaka juzi nilistahili kabisa.

Mama alinipigia kutoka kijijini kwetu Ngara kwa simu ya jirani. Alikuwa anakamua ndizi za pombe kwenye mtumbwi wa mbao wa kukamulia, simu yake ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alipoinama, fundo likalegea na simu ikatumbukia kwenye maji ya ndizi. Nilimuuliza ilikaa humo muda gani. Akasema alimaliza kwanza kukamua, ndipo mkono wake ulipoigusa chini kabisa.

"Izime, usiichaji, iweke kwenye mchele uifunike. Nakuja kesho," nilimwambia, nikajiona mtaalamu.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tunazungumza Kihangaza, kama siku zote. Kwa Kihangaza chetu mchele ni umucheri. Wali nao ni umucheri. Na kwa mama, anayekula ndizi na maharage mwaka mzima, umucheri ni kitu cha Krismasi kinachofika mezani kikitoa mvuke.

Simu yenyewe haikuwa na thamani. Ilikuwa kuukuu yangu niliyompa baada ya kununua nyingine. Lakini ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi, mama mkwe wake, ambaye ameishi naye nyumba moja tangu alipoolewa. Bibi alikuwa na ulimi mkali, na mama alikuwa akinilalamikia kila nikienda, nami simwamini. Basi siku moja akamrekodi kwa siri, dakika tatu za kufokewa, apate ushahidi wa kunionyesha. Alinisikilizisha, nikacheka sana, yeye akanuna. Miezi michache baadaye bibi alipooza upande mmoja na hakusema tena hata neno moja. Tangu hapo ule ushahidi ndio sauti pekee ya bibi tuliyobaki nayo. Mama aliusikiliza karibu kila jioni akimenya ndizi, naye bibi kwenye mkeka wake aligeuza kichwa kila mara. Mimi niliahidi kuihamishia kwenye simu yangu. Niliahidi mara tatu au nne hivi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilipanda gari la alfajiri, nikabadilisha gari kwenye kituo cha Benaco, na njia nzima nilikuwa najilaani.

Nilimkuta mama jikoni, mtulivu kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Nikamwamkia, akaitikia, akafunua sufuria. Katikati ya wali mweupe, uliopikwa vizuri na kukaangiwa kitunguu, simu yangu ya zamani ilikuwa imelala chali.

"Mama! Umeipika simu?"

"Si wewe uliyesema umucheri? Nimeutafuta duka hadi duka. Nimeuinjika, ulipoiva nikaizika humo ungali moto."

"Na kitunguu cha nini?"

"Umucheri bila kitunguu ndio nini?" Akaona nimeshika kichwa, naye akapandisha sauti. "Mtu akinyeshewa akapata mafua, si tunamfukiza? Nilijua mvuke ndio unaotoa maji. Wewe ndiye msomi, ungesema!"

Nilitaka kufoka. Mimi ni mwepisi wa hasira, hilo nimerithi kwa bibi mwenyewe. Lakini nikamwona machozi yamemlengalenga, na nyuma yake bibi ametukodolea macho kutoka kwenye mkeka, nikameza maneno yangu. Nikaichukua simu, nikaifuta, nikakodi bodaboda kwenda mjini. Wali waliula kuku.

Fundi simu niliyemjua ana meza yake karibu na stendi ya Ngara. Aliipokea simu, akainusa, akaniangalia.

"Mwarimu, hii simu inanukia kitunguu."

"Iliangukia jikoni," nikasema.

Akachukua sindano, akachokoa tundu la chaji, akatoa punje ya wali na kuiweka juu ya karatasi mbele yangu. "Jikoni? Hii imepikwa, mwarimu. Na imeiva."

Nikamweleza ukweli wote. Naye ni Mhangaza, hakuhitaji kufafanuliwa. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini, kisha akamwita mama muuza vitenge wa jirani aje asikie na yeye. Nilikaa pale nikichekwa na watu wazima wawili, na kusema kweli nilifarijika kidogo, maana mtu hacheki hivyo juu ya maiti.

Alipotulia akasema hata mchele mkavu usingenisaidia sana. Adui hapa alikuwa sukari. Maji hukauka yakaondoka, lakini maji ya ndizi yakikauka huacha utomvu unaokula vyuma polepole. Akaifungua simu, akaisugua ndani kwa mswaki na spiriti, taratibu, kama anayemsafisha mtoto kidonda. Akaianika. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili, nikipanga namna ya kumwambia mama kwamba imeshindikana. Sikupata maneno. Mimi, mwalimu wa lugha.

Kioo kiligoma kuwaka. Akaazima kioo cha simu nyingine, akabadilisha betri, akabonyeza. Ikawaka. Spika yake ndogo ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaiunganisha kwa waya na lile spika lake kubwa la kupigia muziki wa kuvutia wateja, akaniuliza ni faili lipi.

Sauti ya bibi ikalipuka stendi nzima. Alikuwa anamfokea mama kwamba maharage bado yameanikwa nje na mvua inakuja, kwani hana macho? Muuza vitenge akaangalia juu, akaanza kukusanya vitenge vyake. Dereva mmoja wa bodaboda akavuta turubai lake. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Nilicheka huku machozi yananitoka, na fundi akanihamishia faili kwenye simu yangu bila kuambiwa.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alinitazama mikono. Nikakaa kwenye mkeka kati yao, nikaiweka simu yangu mapajani mwa bibi, nikaiwasha.

Bibi alisikiliza. Nusu ya mdomo wake inayofanya kazi ikaanza kucheza, ikifuata maneno kwa nyuma kidogo. Karibu na mwisho pana mahali ambapo anauliza, "Unanisikia wewe?" kisha ni kimya kirefu, kuku tu wanalia. Siku ile mama alikuwa amenuna, hakumjibu.

"Nakusikia, mama," mama akasema. "Nayaanua maharage sasa hivi."