Hodi kwa Bwana Afya

Sisi tuliokulia Ilongero enzi zile za kwenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi, tukikutana leo harusini hatuulizani umri. Tunaulizana nani anakumbuka zamu ya kulinda vifaranga. Wenzangu mnaijua. Unakaa kwenye kivuli cha kihenge na fimbo yako, karanga za kukaanga zimejaa kwenye mfuko wa gauni, na mwewe akianza kuzunguka juu unapiga kelele mpaka koo linakauka. Kifaranga kimoja kikichukuliwa, jioni unaulizwa ulikuwa umelala au ulikuwa unacheza rede. Watoto wa siku hizi wamepewa kulinda chaji ya simu tu, na bado inaisha.

Kwenye zamu hiyo mimi nilikuwa na mwenzangu, Bwana Afya. Si yule wa kukagua vyoo. Huyu alikuwa simbilisi, aliyeletwa kwenye kikapu na mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Iringa. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kumwona mnyama wa namna hiyo: mfupi, mnene, hana mkia, utasema panya aliyelelewa vizuri. Mama alimpa jina siku ile ile, kwa sababu alifika tu akaanza kunusa pembe zote za jiko kama anayetafuta kosa la kuandika. Akisikia nachuma majani ya viazi alipiga mluzi hadi jirani anacheka. Nilimpenda kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi, na pale nyumbani hakukuwa na kitu kingine kilichokuwa changu peke yangu. Hata sweta la shule nilirithi kwa dada.

Shida yake, alikuwa anang'ata. Alianza na mimi, nikafunga kidole kitambaa na kudanganya kwamba nimejikata na kisu. Kisha akamng'ata mdogo wangu Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Damu ilikuwa tone moja, lakini kilio kilimtoa baba zizini. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, maneno yake machache.

"Mpaka Jumapili," alisema. "Akiwa bado anang'ata, anaingia chunguni."

Mjomba alishatuambia kwamba huko Iringa simbilisi analiwa, tena mtamu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Wakati huo mama alikuwa anamwachisha Neema ziwa kwa kujipaka maji ya mwarobaini. Neema alikuwa akionja tu, anakunja uso na kuondoka zake. Nikajiambia, dawa ndiyo hii. Alhamisi nikapaka mwarobaini vidole vyote kumi, nikautumbukiza mkono ndani ya boksi la Bwana Afya. Alinusa, akapiga chafya, akaning'ata kwenye kiganja, pale ambapo mwarobaini haukufika. Kwa hasira nikamchapa kibao cha pua. Nimelea watoto wanne na nimewachapa wote kwa wakati wao, lakini kibao ninachokijutia mpaka leo ni kile. Toka hapo alijibanza kwenye kona ya boksi, na mluzi ukakoma hata nikija na majani ya viazi.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa uani anapepeta mtama, akaniona nimeinamia boksi.

"Umepiga hodi?" akauliza.

Nikadhani ananitania. "Mama, si ni simbilisi tu?"

"Simbilisi hana kwake?" Akaweka ungo chini. "Kwa bibi yako unaingiaje? Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja, ukikaribishwa unaamkia. Huyu unamkuta amelala, unamshukia kutoka juu kama mwewe, na mikono inanuka karanga. Wewe ungefanyaje?"

Nilibaki nimesimama na fimbo yangu ya kufukuzia mwewe. Mchana kutwa napiga kelele kutetea vifaranga, kumbe kwa Bwana Afya mwewe nilikuwa mimi. Na Neema naye, mkono wake siku ile ulikuwa umejaa karanga nilizompa mwenyewe. Niliona aibu, nikalia pale pale uani. Mama hakunibembeleza, alinisogezea sabuni ya mche.

Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nikalaza boksi ubavu ili mlango uwe chini, nikalala kifudifudi vumbini, kiganja wazi. "Hodi," nikasema. Hakutoka. Jua likahama, kivuli kikaniacha. Mwishowe akaja, akanusa kidole kimoja, akarudi ndani. Nilitaka kumfuata, mama akanikataza kwa macho. Mara ya pili alikaa zaidi. Mara ya tatu akapanda mwenyewe kiganjani, nikamkinga kwa mkono wa pili asining'inie, na nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio. Alikuwa ananiogopa siku zote zile, na mimi nilidhani ana roho mbaya.

Jumapili tulipotoka kanisani, chungu kilikuwa kimeshabandikwa. Baba akajongea kwenye boksi huku anakunja mikono ya shati.

"Baba," nikasema, "unawe kwanza. Halafu upige hodi."

Kwetu mtoto hamwambii baba yake akanawe. Mama akaanza kuchungulia chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kuchungulia. Baba akaenda kunawa. Kisha mtu mzima yule, aliyezoea kukamata fahali pembe, akachuchumaa na kuweka mkono chini. "Hodi," akasema, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akimsemeshea ng'ombe mwenye kidonda kwenye chuchu. Bwana Afya akatoka, akanusa, akalaza kidevu juu ya kidole cha baba.

"Kumbe ana adabu," baba akasema.

Siku hiyo tulikula ugali kwa mlenda. Baada ya hapo mara nyingi nilimkuta baba amechuchumaa kando ya boksi, anasema anafunga kamba za viatu, na miguuni amevaa kandambili.

Juzi juzi mjukuu wangu Jesca, anayeishi mjini Singida, aliletewa hamsta, kapanya kadogo ka kufugwa kenye tundu na gurudumu la kukimbilia. Kakamng'ata. Akatafuta dawa kwenye simu, akanunua na glavu, na baba yake akaapa kukatupa. Nilipanda bodaboda kwenda kumwonyesha: nawa, usikaamshe, mkono chini, hodi. Alinicheka. "Bibi, hamsta hajui Kiswahili!"

Nilicheka naye. Lakini nikirudi nyumbani niliwaza jinsi siku hizi mlango unavyosukumwa tu, mtoto macho kwenye simu, salamu yake ni kuuliza chaja iko wapi. Enzi zetu hata simbilisi alipigiwa hodi. Mama hayupo, baba hayupo, na pale uani sasa ni shamba la alizeti.

Jumapili iliyopita Jesca alikuja kunitembelea, akanikuta nimejilaza chumbani mchana. Nikasikia hatua za Jesca zinakuja, na nilikuwa tayari kwa kishindo cha mlango. Hatua zikasimama nje.

"Hodi, bibi."

Niliisikia kwa sauti ya baba, ile ya uani, na machozi yakanitangulia. Nilichelewa sana kuitikia. Jesca hakusukuma mlango, alingoja.