Barua Iliyokosa Muhuri wa Maabara

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba katika maabara ya hospitali moja pale Bukoba kuna mashine ambayo ukiiwekea tone la damu yako, sumu iliyomo inapanda juu kama mafuta ya supu, halafu kwenye kioo linaandikwa jina la aliyekulisha. Majina yote matatu, la ukoo likiwemo. Aliyeniambia alikuwa muuza senene, wale panzi wa kukaanga, wa Nshamba, na sikumwomba ushahidi. Mimi kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na mvi kichwani. Biolojia nimeisoma. Nilijua damu haisahau.

Basi nilipougua, nusu yangu ilifurahi. Homa ilikuwa ya kukaangia senene: ukinimwagia maji, yanachemka. Kitanda kilitetemeka mpaka kuku wakaja dirishani kuuliza kuna nini. Mguu wa kulia, uliokuwa na kidonda cha mundu tangu nilipopogoa migomba, ulivimba ukawa kama gogo, lakini huo mguu sikuujali. Nilikuwa na mtu wangu moyoni: jirani yangu.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la miaka mingi. Aliihamisha milamula, ile mimea ya mpakani, ikaingia kibanjani mwangu, kwenye migomba yangu. Yeye anasema ilisogea hatua mbili. Mimi nasema ilibaki kidogo ifike Muleba mjini. Kosa la pili lilikuwa bichi. Alinialika kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwake, na kwetu mwenye pombe huonja kwanza ndipo ampe mgeni, mgeni aone kwamba hakuna kitu. Siku hiyo mnunuzi wa kahawa alimwita barabarani, naye akanikabidhi kibuyu bila kuonja. Nikanywa. Siku ya tatu nikaanguka. Unataka nini tena?

Hospitalini walinitoa damu kabla ya dawa, wakaiingiza katika chupa mbili zenye supu ya manjano. Nikamwambia mke wangu, "Amekwisha. Zile chupa ndizo kaburi lake."

"Waitu, mume wangu, tulia. Hiyo ni homa."

Sikutulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na dripu, wa kulia ukaandika barua kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kurasa nne. Sikutaka jirani afungwe. Jela wanakula bure. Nilitaka asusiwe. Akipika lubisi, ikae mpaka iwe siki. Akifiwa, asipate hata jembe la kuazima, achimbe peke yake. Na siku atakayokufa yeye, watu wapite kwake wakielekea sokoni, wamsalimie mjane kwa mbali bila kushusha mizigo. Kila sentensi ilikuwa tamu. Nikiirudia, homa inashuka. Chini niliacha nafasi ya muhuri wa maabara.

"Na kama si yeye?" mke wangu akauliza.

"Mashine itasema."

"Mashine ipi? Wewe msomi wa jioni, hicho kipindi hukusinzia kweli?"

"Unamtetea kwa sababu juzi alituletea mkungu wa ndizi."

"Mkungu umeula wewe."

"Nilikuwa nakusanya ushahidi."

Siku iliyofuata akaja mtaalamu wa maabara, binti mwenye koti jeupe. Nikampa barua. "Daktari, jina limeshatoka? Gonga muhuri hapo chini."

Alizisoma kurasa zote akiwa amesimama. Nilidhani amependa mwandiko. Akavuta kiti.

"Baba, huyu jirani ana watoto?"

"Sita."

"Wanasoma na wa kwako?"

"Mmoja wanakaa dawati moja na wangu."

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake.

"Sasa nisikilize. Zile chupa tunaziweka kwenye joto, kama mayai chini ya kuku, ili bakteria kama wamo wakue. Kwenye damu yako wamekua. Tumewapaka kwenye kioo, tukawatia rangi, tukawaona kwa hadubini. Ni wale wanaoingia kwenye vidonda."

"Na sumu?"

"Wanaitoa wenyewe, ndiyo iliyokutetemesha. Kuipima sumu yenyewe ndani ya damu ni kazi nyingine. Kuna kisahani chenye vishimo, kila kishimo kimewekwa kingamwili za kuinasa. Ikinaswa, rangi inageuka. Hapa hatukifanyi hicho kipimo, na kukutibu hatukihitaji."

Mfa maji haishi kutapatapa. Nikasema, "Hiyo rangi ikigeuka, inaanza na herufi gani?"

Mke wangu akageukia ukutani, mabega yakicheka. Binti hakucheka.

"Baba, rangi inasema sumu ipo, basi. Haimtaji mtu, wala mashine ya kutaja mtu haipo, si hapa wala kwingine. Bakteria wameingia kwa kidonda cha mguu wako. Jirani yako hajakufanya kitu."