Keso, si Kesho

Tarehe tatu Juni, asubuhi, nilikuwa jikoni kwetu Katindo, mtaa wa Goma, nikiponda ndizi zilizochemshwa, kwa kuwa mdomo ulifunguka kidogo tu na sikuweza tena kutafuna. Mionzi iliyoniponya saratani ya mdomo ilikuwa imeacha kidonda kwenye taya, na mfupa ulionekana. Daktari alisema waziwazi: kisipofunga, atakata kipande cha taya.

Simu ikalia. Hospitali ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa imenipatia nafasi, baada ya wiki mbili, katika chumba cha chuma ambamo mgonjwa huvuta oksijeni safi chini ya shinikizo kubwa la hewa. Kwa Kifaransa huitwa caisson. Sisi tunatamka keso. Nikamwambia mama yangu, aliyekuwa akichambua maharagwe barazani, kwamba wamekubali, nitaingia keso. Kisha nikakimbilia kazini.

Niliporudi jioni, nilikuta sebuleni kina mama tisa wa parokia yetu, sufuria kubwa ya sombe, yaani kisamvu, na sanduku langu limefungwa, likiwa na mablanketi mawili ndani. Mmoja alikuwa ameshaanza kuiombea safari yangu.

"Uko naenda kesho, na ni mimi niite watu?" mama akaniuliza kwa ukali.

"Mama, sikusema kesho. Nilisema keso. Ni mashini. Kuenda ni kisha wiki mbili."

Akanitazama, akawatazama wageni.

"Basi wangeipatia jina ingine. Watu wameshakuja. Ikaa, tukuage."

Hakuna aliyeondoka. Walikula, wakaimba, nami nikaimba kwa meno yaliyobanana. Kucheka kuliniuma, lakini sikuacha.

Siku ya kwanza ndani ya keso masikio yaliziba kama ndege inaposhuka. Nikawakumbuka wale kina mama, nikacheka peke yangu, hata muuguzi akagonga kioo kuuliza kama niko salama. Niliingia mara arobaini.

Wiki sita baada ya kurudi Goma, nilimwandikia muuguzi huyo:

"Leo daktari wa hapa amenichungulia kwa tochi mara mbili, kisha akamwita mwenzake naye achungulie. Nyama imefunika mfupa. Upasuaji umefutwa, taya langu ninalo zima. Mdomo unafunguka kiasi cha vidole viwili. Najua kwa sababu mama hunipima kila asubuhi, na vidole ni vyake, vinene."