Dari ya Chumba cha Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga, miaka ya sitini, nilifika na shati jeupe na cheti cha kidato cha nne, nikitafuta meza yangu ilipo. Bwana Mkaguzi wa Majengo, aliyesimamia matengenezo ya nyumba za serikali, akanionyesha ngazi.

"Umesoma?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi panda. Ukishuka uniambie maji yanaingilia wapi."

Nilishuka nikamwonyesha bati lililokuwa juu ya doa la maji darini. Alicheka mpaka akakohoa. Maji, alinifundisha, huingia huku yakadondokea kule. Yakishapenya chini ya bati hutembea juu ya papi, zile mbao zinazobeba mabati, mpaka yakutane na kizuizi. Kwa hiyo uvujaji hutafutwa darini mvua ikinyesha, si juu ya paa siku ya jua.

Nikahamishiwa Kharumwa, kisha Geita. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kila uhamisho nililia kuliko mke wangu. Geita tulikaa mtaa wa Kalangalala, na chumba chetu cha wageni kilivuja. Nilipaka lami, nikarudia, wapi! Mvua ya wima haikuingia. Ya upepo ilimwaga. Bwana Mhandisi wa Wilaya, mkuu wangu wa huko, akaifanya hii ndiyo salamu yake: "Fundi wa mapaa ya serikali, beseni limejaa?"

Ndipo mama mkwe alipoletwa, mguu umevunjika, plasta mpaka pajani. Chumba kilikuwa hicho hicho. Sasa, kwetu Wasukuma mwanamume hakanyagi anapolala mama mkwe wake, sembuse kupanda juu ya kichwa chake. Na tundu la kupandia darini lilikuwa humo humo.

Alasiri moja upepo wa ziwani ukaleta mvua. Mke wangu, Mama Shija, aliyekuwa anakaribia kujifungua, akapiga kelele:

"Baba Shija! Dari imeota tumbo juu ya kitanda cha mama!"

Siling bodi, ule ubao laini wa dari, ikilowa hubeba maji kimya kimya, halafu huanguka yote kwa pamoja.

"Msogeze!"

"Na hali hii? Kitanda chenyewe cha mninga!"

"Waite majirani!"

"Wote wako gulioni!"

Nikasimama mlangoni, macho ukutani kwa adabu. Juu, ubao ukalia kraa.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa."

Sauti yake ikatoka kitandani: "Wewe hapo ni mkwe au ni fundi?"

"Kwa sasa, mama, fundi."

"Fundi apite. Mkwe abaki nje."

Akajifunika kanga gubigubi. Niliingia nikiutazama ukuta, nikajigonga kwenye meza, nikaipanda. Kwanza nikatoboa lile tumbo pembeni kwa bisibisi, maji yakashukia kwenye ndoo aliyoishika Mama Shija. Kisha nikajipenyeza darini na tochi.

Nikaona maji yanapoingilia. Mbali kabisa, juu ya chumba chetu sisi wenyewe, mabati yalikuwa yamelaliana vibaya: ukingo unaofunika mwenzake ulielekea upepo, na upepo ukausukumia maji. Yakaingia, yakafuata papi iliyopinda mpaka kwa mgonjwa. Nikafunga kamba ya katani kwenye papi ile, kwani maji hufuata kamba, nikaiteremshia kwenye beseni mbali na kitanda.

Nilipogeuka, mguu ukatoboa ubao, ukaning'inia chumbani na kiatu chake.

"Fundi," ikauliza kanga, "umeniletea mguu wa akiba?"

Jua lilipotoka, majirani waliorudi kutoka gulioni walimbeba mama nje, nikayapanga mabati upya. Hayakuvuja tena.

Sasa nimestaafu, na mapaa nayatazama kutoka kitini, mahali nilipopapenda tangu zamani. Wakuu wangu waliniaga kwa hotuba ambazo sizikumbuki. Mama mkwe aliishi miaka mingi. Kila nilipokwenda kumsalimia alinipokea kwa mbali, uso pembeni, kama ada inavyotaka. Kisha alimtuma binti yake:

"Muulize mumeo, yule fundi hajambo?"

"Hajambo," nilijibu mimi. "Anakusalimu sana."