Kiapo Mbele ya Milima ya Khasab

Sikuitaka safari ile. Nasema mapema nisije nikadhaniwa mtu wa kupenda wanyama. Binti yangu, anayefanya kazi katika ofisi moja huko Qurum, hapa Maskati, na kuamini kwamba kila mtu aliyestaafu anaumwa na upweke, alinikatia tikiti bila kuniuliza: siku chache ndani ya meli ndogo ya watalii, kutoka bandari ya Mutrah kwenda kaskazini mpaka Musandam, kutazama kasa, ndege wa baharini na pomboo. Nilimwambia pomboo nawajua tangu Unguja, na sijaona faida yao. Akacheka. "Twende Mama, ukapunge upepo."

Kilichonizuia si pomboo. Dada yangu alikuwa mgonjwa wa figo. Nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka kwangu hapa Bawshar, na siku zake za hospitali, za kusafishwa damu, nilizijua kuliko siku za juma. Katika watoto wa mama yetu tulibaki sisi wawili tu. Mama alipofariki tulimwosha wenyewe, mimi na dada, na tulipokwisha kumvisha sanda dada alinishika bega akasema kwamba atakayetangulia kati yetu ataoshwa na mwenzake, asiguswe na mkono mwingine. Nikamjibu, "Inshallah." Hatukulizungumza tena, maana halikuwa jambo la kurudiwa. Lakini tangu figo zake zianze kumshinda sikukubali kulala mbali na Bawshar.

Dada mwenyewe ndiye aliyenifukuza. "Nenda bwana," aliniambia, "umekaa hapo kunikodolea macho tu. Mie sifi wiki hii, nna nguo kwa fundi." Nikaenda.

Meli ilijaa wazee wa Kizungu waliovaa vizibao vyenye mifuko kila mahali, na kila mmoja ana darubini yake shingoni. Mwongozaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alikuwa akitangaza kwenye kipaza sauti kila kiumbe kilichoinua kichwa. Kwenye visiwa vya Daymaniyat tuliona kasa aina ya ng'amba wakiogelea, halafu papa shilingi mmoja, mkubwa, mpole, mgongo mzima madoadoa. Wazee wakashangilia. Nami nikaitoa simu nikamrekodia dada ujumbe, nikamsimulia ukubwa wake. Haukupita muda akanijibu, sauti imechoka lakini ulimi ni ule ule: "Papa mie namjua wa kukaanga tu. Mtazame vizuri, ukirudi n'takuuliza." Nilicheka peke yangu mpaka binti yangu akageuka.

Baada ya hapo mtandao ukapotea, nasi tukaendelea kaskazini.

Pwani ya Musandam haina huruma. Milima mikavu ya rangi ya majivu inatumbukia moja kwa moja baharini, haiachi hata ukanda wa mchanga wa mtu kusimama. Mti hakuna. Kuna vijiji vya nyumba nne tano, havifikiki ila kwa mashua, na mbuzi wanaokula sijui nini. Wale wazee walikuwa wakihema kwa uzuri wake. Mimi nilihisi nimeletwa mahali ambapo hata ukiita husikiki, na moyo ukawa mzito bila sababu ya kuitaja. Nikajiambia ni uzee.

Asubuhi tuliyotia nanga Khasab, mtandao ulirudi. Simu ya binti yangu ililia kabla hatujamaliza chai. Akainuka, akaenda kuipokelea nyuma ya meli. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni upepo, na upepo kweli ulikuwepo. Akanimiminia chai nyingine, akatia sukari yeye mwenyewe, akakoroga, jambo ambalo hajanifanyia tangu aanze kulipwa mshahara. Akaichukua na simu yangu, ati akaitie chaji.

Tukashuka kwenye mashua kwenda kuwatazama pomboo katika zile ghuba nyembamba zilizojificha kati ya milima. Walikuja wengi, wakatuzunguka, wakaruka sambamba na mashua hata maji yakaturukia usoni. Watu wazima walipiga makofi kama watoto wa chekechea. Binti yangu alikuwa analia. Sasa, huyu si mtu wa kulia. Alipovunjika mkono akiwa msichana alimgombeza daktari. Leo awalilie pomboo?

Tuliporudi melini nikamshika mkono.

"Mama yako mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Kalala."

"Kalala saa hizi? Leo si siku yake ya hospitali?"

"Kachoka tu, Mama."

"Hebu nitazame. Hapa Khasab pana kiwanja cha ndege. Kama kuna jambo nambie, nateremka sasa hivi, na kabla ya alasiri nipo Maskati. Niapie."

Akatazama milima. Akajifuta uso, nikadhani ni maji yaliyoturukia.

"Wallahi, Mama, hajambo."

Nikaamini. Atakayenicheka na anicheke. Mtoto huyu nilimfundisha Kurani mwenyewe, na mtu niliyemfundisha mimi halitii jina la Mungu katika uongo. Nikashusha pumzi. Nilikula samaki mchana ule, nikala vizuri, kisha nikapanda juu sitahani kukaa kivulini. Ndege ndogo iliruka kutoka Khasab, ikapita juu yetu, ikageuka kuelekea kusini. Mzee mmoja akaiandama kwa darubini yake mpaka ikapotea. Nikamcheka moyoni, labda ameidhania mwewe.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga nitakavyomsimulia dada. Ile milima nitaiongezea urefu, na yule mwongozaji nitamwigiza sauti yake. Binti yangu alinisikiliza, akaitikia kila neno, na hata mara moja hakucheka.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyetupokea Mutrah. Alinibusu mkono, akauliza habari za safari, akatupakia garini. Bawshar hatukuingia mtaa wangu. Tuliingia mtaa wa dada, na barazani kwake nikaona viatu vya wanawake, vingi, vimemwagika mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Kwetu mtu akiwa safarini haambiwi msiba. Anaachwa afike, akae, apewe maji, ndipo aambiwe. Mama yetu alikuja kujua kifo cha baba yake huko Unguja hata kaburi limeota majani, na aliyemficha alisifiwa kwa busara. Mimi sikukaa wala sikutaka maji. Nilimuuliza mpwa wangu, binti ya marehemu, swali moja tu.

"Nani kamwosha?"

"Wanawake wa msikitini, mama mdogo," alinijibu huku ananikumbatia. "Walimwosha vizuri sana, wallahi. Wana huruma."

Sina shaka kwamba wana huruma. Lakini ni watu waliokuwa hawamjui. Hawakujua kwamba goti lake la kushoto lilikuwa linauma akiguswa, wala kwamba alikuwa mtu wa haya, hata mbele yangu alijifunika. Mkono mwingine ulimgusa, na mimi nilikuwa juu ya meli nikimeng'enya samaki.

Alifariki alfajiri, wakamzika baada ya alasiri. Ile ndege iliyopita juu yetu ingenifikisha. Mwanangu alijitetea kwamba aliogopa presha yangu, kwamba baharini hakuna hospitali, kwamba ni yeye aliyemwambia binti yangu aniapie nikibisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo maishani, na watu wa kuwatolea ndio hao hao ninaowapenda, kwa hiyo nikakaa na wafiwa wenzangu, nikasoma Yasini.

Binti yangu sikusema naye. Siku za matanga zikaisha, wageni wakatawanyika, nikarudi kwangu, naye akawa anakuja kila akitoka kazini, anapika, anaosha vyombo, anaondoka. Magharibi moja nilimkuta jikoni amesimama peke yake anafungua saumu kwa tende na maji ya bomba. Nikaelewa. Maskini wa kafara ya kile kiapo cha uongo alikwisha kuwalisha, mpwa wangu aliniambia. Sheria haikumdai zaidi, lakini yeye akaongeza na kufunga.

"Mama, niseme nini?" aliniuliza.

"Usiseme."

"Ndivyo tulivyolelewa. Msafiri haambiwi."

"Najua mlivyolelewa. Niliwalea mimi."

Akainama, akatema kokwa mkononi. Nilimtazama, na hapo ndipo liliponijia jambo ambalo katika kilio chote sikuwa nimelifikiri: dada hayupo, na mimi sina tena mtu wa kuniosha. Nitalazwa mbele ya wale wanawake wenye huruma. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Unajua kuosha maiti?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama. Naogopa."

Nikamwambia akunje mikono ya nguo. Nikafungua bomba, nikangoja maji yapate uvuguvugu, nikamshika mkono wake wa kulia nikautia chini ya maji.

"Unaanzia kulia," nikamwambia. "Na unamimina taratibu, kwa sababu bado anasikia."