Asubuhi Gari la Mavyaa Lilipokataa Kuwaka

Ipo asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nakuita mwanangu ingawa sijazeeka. Meno yangu yamo yote kinywani na mtoto wangu mdogo bado namnyonyesha. Lakini aliyekwisha kuaibika ana haki ya kumwonya ambaye bado. Kaa basi unisikilize.

Nilikuwa nimeolewa Mambrui, nina miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, na binti yangu Zuhura alikuwa na miezi saba. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, akija mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mavyaa wangu, mama yake mume wangu, mjane wa maneno machache mwenye pikapu moja kuukuu aliyoachiwa na marehemu. Pikapu hiyo ilipeleka nazi za watu Malindi, na dereva wake alikuwa mzee Kahindi, Mgiriama mtaratibu aliyeiendesha tangu ikiwa mpya.

Basi nikaitwa Kilifi kwenye mahojiano ya kazi ya ukarani, saa nne asubuhi. Barua ile niliilalia chini ya mto. Nilikuwa nimesoma, nikaishia kukuna nazi, na hasira zilikuwa zimenijaa mpaka hapa kooni. Nilipomwonyesha mavyaa akaitazama, akanirudishia, akasema, "Na Zuhura atanyonya barua?"

Kumbe ulikuwa mzaha. Mimi sikucheka. Nilijiambia, huyu mama hataki nitoke humu ndani. Siku ya pili yake akaniambia kwamba mzee Kahindi atanipeleka, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Siku ikafika. Saa moja nimevaa, buibui imepigwa pasi. Basi la alfajiri nililiacha lipite, kwa kuwa nilitegemea gari la nyumbani. Mzee Kahindi akageuza ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, rrr, rrr, rrr, injini isiwake. Akajaribu tena, vivyo hivyo. Majirani wakaanza kutoka. Mmoja akasema mafuta yamekwisha, mwingine akasema betri imekufa, wa tatu akasema tulisukume. Wakalisukuma hadi kwenye tope, wakarudi wamelowa magoti, gari kimya.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimgeukia mavyaa, amesimama mlangoni amembeba Zuhura, nikasema mbele ya mtaa mzima, "Mmetoa kitu kwenye injini ili nisiende. Jana limetoka Malindi likiwaka, leo lina nini? Wewe unataka niozee hapa na mbuzi yako ya kukunia nazi." Mzee Kahindi naye nikamwambia kwamba amekubali kutumwa uovu na umri wake wote huo. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Mavyaa akageuka. Akaingia ndani na mtoto.

Mzee Kahindi akajifuta mikono kwenye kitambaa. "Mama Zuhura, umemaliza?"

Nikaitazama saa.

"Kama umemaliza, ingia ushike ufunguo. Peke yangu siwezi kuwa huku na kule. Na kama hujamaliza nitangoja, ila saa haitatungoja."

Nikaingia, nikashika ufunguo. Akafungua boneti. Akaongea nami polepole, kama anayemfundisha mtu kusuka ukili wa mkeka. "Stata inazunguka. Kwa hiyo betri ni nzima, tusiisingizie. Linalowaka linataka mafuta na linataka moto. Tuanze na mafuta." Akachomoa bomba jembamba linaloingia kwenye kabureta, akaelekeza mdomo wake ndani ya kopo. "Zungusha." Nikazungusha. Petroli ikaruka, harufu ikanifikia hadi kitini. "Mafuta yanafika. Hiyo nayo tumemalizana nayo."

Akafungua plagi moja, akaivisha waya wake tena, akailaza juu ya chuma cha injini. "Zungusha, mimi nitazame." Nikazungusha. "Haina cheche. Zungusha tena." Hakuna. "Basi tumejua. Moto haufiki. Sasa tunaufuata nyuma kule unakotoka."

Nikashuka nikamfuata. Aliushika waya, akaenda nao kidogo kidogo mpaka kwenye koili, kile kikopo kinachoupa moto wa plagi nguvu. Akainama. Akasimama. Akageuka akawapa majirani mgongo, akanifungulia kiganja.

Ilikuwa pini ya nepi. Yenye kichwa cha samawati.

Mwanangu, pini ile ilikuwa yangu mimi. Ilikuwa masika, nimekwambia, siku ya nne mvua ikikatika inarudi, na nepi za Zuhura hazikauki. Nami nilikuwa nimejifundisha ujanja: gari likirudi Malindi alasiri, injini ikiwa bado moto, ninafungua boneti ninazitandaza nepi juu yake, nimezishikanisha kwa pini zisidondoke. Zinakauka kabla ya magharibi. Hakuna aliyenifunza wala niliyemwambia. Jana yake mvua ilirudi ghafla, nikazikwapua kwa haraka, pini moja ikabaki. Imelala pale, upande mmoja kwenye waya mwembamba wa koili, upande wa pili kwenye chuma cha gari, moto wote unapotelea humo.

"Nitawaambia ulikuwa waya umelegea," mzee Kahindi akaninong'oneza. "Panda twende zetu."

Alikuwa ananisitiri, yule mzee niliyetoka kumtukana. Akarudisha plagi na bomba, akageuza ufunguo, gari likawaka papo hapo. Jirani mmoja akacheka, "Haya, mama Zuhura, wachawi wamekurudishia gari lako." Nikapanda. Ilikuwa saa mbili na robo. Kilifi ni mbali, na barabara imejaa maji. Nikajiambia nitaomba radhi jioni, chumbani, mimi na mavyaa.

Gari likasogea hatua kama kumi. Nikasema, "Mzee Kahindi, simamisha."

"Utachelewa."

"Simamisha, tafadhali."

Nikashuka. Majirani walikuwa wangali wamesimama, na hao ndio waliosikia. Nikasema kwa sauti ileile niliyotukania kwamba hakuna aliyetoa kitu, ni mimi niliyeacha pini kwenye injini, na mzee Kahindi hana kosa. Kisha nikaenda mlangoni, nikapiga magoti kwenye tope na buibui yangu ya pasi, nikamwita mavyaa. Akatoka, Zuhura kiunoni, kijiko cha uji mkononi. Uji ule alikuwa ameupika tangu alfajiri, wa kumlisha mtoto mimi nikiwa safarini.

"Nimekukosea, mama. Niwie radhi."

Akasema, "Radhi nimekupa. Inuka upande gari, nitakukasirikia ukirudi."

Kilifi nilifika wanamwita mtu wa mwisho, na wa mwisho nilikuwa mimi. Niliingia na tope magotini. Kazi niliipata.

Jioni mavyaa alitimiza ahadi, alinikasirikia vizuri sana. Neno lake moja ndilo lililobaki: "Ulipokuwa ukinipigia kelele nilikuwa nikiwaza, saa zinamwishia mwanangu, na sijui nimsaidieje."

Sikwambii usikasirike. Mwanamke akiacha kukasirika atakaliwa na kila mtu, na hasira zangu mimi bado ninazo. Nakwambia hivi: jambo likikukwama, usianze na nani, anza na wapi. Tazama kilicho kizima ukiweke kando, halafu ufuate lililobaki hatua kwa hatua, na ukiwa njiani upekue na mikono yako mwenyewe, ulishika nini jana. Na ukigundua umemsingizia mtu mbele za watu, usimwombe msamaha gizani. Rudi palepale, mbele ya walewale, hata kama unachelewa.

Mungu akupe wazee wa kukusitiri, na akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Popote unapokwenda, uondoke na radhi za waliokulea, ufike salama.